Kibaraza cha Hefina Bebb

Mimi si mtu wa kanisa lile. Nilizaliwa Mmethodisti, nikalelewa Mmethodisti, na ningezikwa Mmethodisti kama wenzangu wasingeliuza jengo letu kwa watu wa mjini, ambao sasa wanakuja kulala humo siku za likizo, bafu likiwa palepale palipokuwa na mimbari. Kwa hiyo Jumapili naketi katika kanisa la Mtakatifu Madwen, hapa Llanfadwen, benchi la nyuma kabisa, na kijiji kizima kinajua kwamba naketi kwa shingo upande. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani namsifia Hefina Bebb kwa ajili ya dini. Namsifia kwa ajili ya chokaa.

Hefina sasa ana miaka themanini na miwili. Ufunguo wa kanisa, wa chuma, mrefu kama mkono wa mtoto, unaning'inia nyuma ya mlango wa jiko lake. Bonde letu limejaa akina Bebb, kwa hiyo mtu huitwa kwa kazi yake; mimi niliendesha lori la maziwa miaka thelathini, ni Gwyndaf wa Maziwa hadi leo, na yeye ni Hefina wa Chokaa. Babu yake alikuwa mchomaji wa chokaa kwenye tanuri la mlimani. Nyuma ya nyumba ya Hefina liko shimo lenye mfuniko wa bamba la jiwe, na ndani yake chokaa iliyotiwa majini, ikachemka bila moto, ikatulia, ikawa laini kama siagi. Majira yote ya baridi hulala humo. Wiki moja kabla ya Pasaka, inapokaribia Jumapili ya Maua, yaani ya Matawi, kila mwenye ndugu aliyezikwa pale huja na ndoo, anachotewa, anaenda kuosha kaburi na kupaka mawe yanayolizunguka yawe meupe kabla ya kuweka maua. Hakuna kaburi jeusi Llanfadwen siku hiyo. Mtu akiliacha la mama yake bila kupakwa, atasikia habari zake dukani mpaka mavuno.

Kanisa lenyewe si kubwa. Ni chumba kimoja kirefu, kuta za mawe ya mtoni, unene wa hatua nzima, katikati zimejazwa udongo na chokaa. Uwanja wa makaburi ni wa mviringo, kwa sababu ulikuwapo kabla ya kanisa, na ile miti myeusi isiyopukutisha majani ilikuwapo kabla ya uwanja. Baada ya waashi kupita miaka mia mbili, wakaja maseremala wakaezeka paa la mwaloni. Ukiinua macho utaona alama walizokwaruza kwenye kila boriti ili wajue ipi inaingia wapi. Kisha kikachongwa kiambaza cha mbao kinachotenga upande wa watu na upande wa kasisi, na juu yake mnyama mwenye mabawa anatapika mzabibu kutoka ukuta hadi ukuta. Kila mtoto wa hapa amewahi kuchoshwa na mahubiri akahesabu zabibu zake. Ni mia mbili na kumi na moja.

Na ukutani, upande wa kaskazini, mkabala na mlango, kuna mguu. Mguu mmoja tu, mwekundu, mkubwa, umesimama mtoni katikati ya samaki. Ni wa yule mtakatifu aliyembeba mtoto Yesu mabegani akivuka maji. Mwili wake uliobaki uko chini ya chokaa bado, maana ilipotoka amri ya mfalme kwamba picha zifutwe makanisani, wazee wetu hawakuzifuta. Walizipaka chokaa. Mjumbe akija kukagua, anakuta ukuta mweupe, anakunywa bia yake, anaondoka. Hefina husema hao ndio Wakristo werevu kuliko wote waliopata kuketi humo, na mimi, pamoja na Umethodisti wangu wote, sijapata la kumjibu.

Sasa nimseme Emlyn, mumewe, na nimseme vizuri, kwa sababu alikuwa rafiki yangu. Alikuwa fundi lipu. Ukimpa ukuta uliopinda anakurudishia ulionyooka, na wakati wote huo anaimba. Mwaka 1969 askofu alikuwa anakuja kuadhimisha miaka mia saba ya kanisa, na kasisi wa siku zile akaona aibu. Chokaa ya nje ilikuwa imebabuka, ina nyufa, kijani kimeota. Akamwita Emlyn: piga lipu ya saruji, imara, isibanduke tena. Saruji ndiyo ilikuwa fahari ya zamani hizo. Kila mwenye zizi alikuwa nayo.

Hefina alikuwa na miaka ishirini na saba, na ulimi wake ulikuwa umeshakomaa. Nilikuwa nimesimama getini na maziwa siku walipogombana mbele ya kanisa, Emlyn kashika mwiko, mkewe kashika kiuno.

"Emlyn, ukuta huo unakunywa mvua halafu unaitoa," Hefina alimwambia. "Ukiuvika saruji utaitolea wapi?"

"Mvua haitaingia, mke wangu. Ndiyo maana ya saruji."

"Itaingia tu. Ipo siku mvua ilishindwa kuingia mahali katika nchi hii?"

"Babu yako alikuwa mtu mzuri, lakini amekufa na tanuri lake."

"Na wewe utakufa na saruji yako."

Emlyn akacheka. Hakuwa mtu wa kukasirika. Akamwonyesha kibaraza cha kuingilia, kile chenye benchi mbili za mawe, ambapo zamani watu walifungishwa ndoa na kupeana mikono ya biashara. "Haya, tugawane. Kanisa langu, kibaraza chako. Nenda ukakipake maziwa yako ya chokaa."

Alidhani ni utani. Hefina alikwenda nyumbani, akarudi na ndoo.

Tangu siku hiyo kibaraza kikawa chake. Kila mwaka, kabla ya Jumapili ya Maua, alikipaka chokaa iliyotiwa mafuta ya kondoo kidogo ili maji yateleze. Emlyn naye alimaliza kuta zote nne, zikawa za kijivu, zimenyooka, na kwenye kona ya kaskazini akakwaruza kwa msumari: E.B. 1969. Askofu alipokuja alilisifu kanisa kwamba sasa limekuwa jipya. Sote tulijiona watu.

Wenye hekima walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba ufa, na hapo ndipo ukuta ulipoanza kuugua. Haikuonekana haraka. Ilikuwa miaka kumi kabla ya vitabu vya nyimbo kuanza kunuka kuvu. Miaka ishirini kabla ya doa la kwanza chini ya dirisha. Emlyn alifariki mwaka 2001, moyo, akiwa juu ya ngazi kwa watu, na hadi siku hiyo alikuwa akisema hilo doa ni la mfereji wa paa. Tulimzika hatua kumi kutoka kwenye kona yake. Jiwe lake ni bamba jeusi la hapa kwetu, na Hefina mwenyewe ndiye aliyechagua maneno chini ya jina: ALIIVIKA NYUMBA HII. Chini ya hapo pakaachwa nafasi tupu, kama ilivyo desturi, kwa ajili ya mke.

Baada ya hapo hakuna aliyetaja saruji tena. Mtu angetajaje? Mjane anafagia kanisa kila Ijumaa, anapita kwenye kaburi na maneno yake, anakusalimia, anakukatia kipande cha mkate wa zabibu. Ukuta ukawa unalowa, nasi tukawa tunalaumu mvua, mfereji, popo, kasisi mpya anayesahau kufungua madirisha. Sisi ni watu wa adabu, na adabu ile nusura ituulie kanisa.

Miaka sita iliyopita barua ikaja kutoka dayosisi. Shemasi mkuu angefika Jumatano pamoja na msanifu wa majengo, mama mmoja aitwaye Mererid, wakague, na uamuzi utolewe siku hiyohiyo. Ncha za boriti zilikuwa zimeanza kuoza ndani ya ukuta. Kiambaza kilikuwa na kuvu. Vidole vya ule mguu mwekundu vilikuwa vinabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Ikiwa maji yanapanda kutoka ardhini, barua ilisema, hakuna la kufanya katika uwanja wenye makaburi mengi hivyo. Kanisa lifungwe, kiambaza kipelekwe makumbusho.

Kiambaza chetu makumbusho. Nilikasirika mpaka nikashangaa, mimi mtu wa benchi la nyuma. Nilikuwa nimeshaona mimbari moja ikigeuka bafu.

Jumanne nilikwenda kwa Hefina. Nilimkuta anaikoroga chokaa kwa kijiti kirefu, buti za mpira miguuni.

"Gwyndaf, umekuja kunywa chai au umetumwa?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Basi umetumwa na wasiwasi wako. Sema."

Nikamwambia kwamba kesho watauliza maswali kuhusu ukuta. Kwamba kuna njia ya kujibu bila kumtaja mtu. Kwamba sote tumekubaliana kusema lipu ile ilikuwapo tangu zamani.

Akaendelea kukoroga. "Sote nani?"

"Kamati yetu ya kanisa."

"Mlikaa kikao kumlinda mume wangu bila mimi kujua?"

"Tulikuwa tunakulinda wewe."

"Nimeujua ukuta ule tangu siku ya kwanza. Ulikuwepo, na maziwa yako."

"Sasa yale maneno kaburini, kwa nini uliandika vile?"

Akatoa kijiti, akakifuta kwa nyasi. Sijapata kumwona Hefina akitafuta neno, lakini pale alitafuta. "Kwa sababu alikuwa amekufa siku nne, Gwyndaf. Na kazi ile aliipenda. Ulitaka nichonge nini? Alikosea?" Akafunika shimo. "Miaka kumi na saba nimepita pale na ufagio nikijiambia, mwakani nitasema. Nikisema, nitakuwa nimemfukua."

"Basi usiseme. Mwache Emlyn apumzike."

"Na kanisa?"

Chai nilikunywa, lakini sikuisikia ladha.

Jumatano tulikutana watu tisa ndani ya kanisa, makoti mwilini. Mererid, mwanamke mfupi mwenye tochi, alizunguka kuta zote akizigonga kwa fundo la kidole kama daktari. Aligonga kwa muda mrefu upande wa kaskazini. Shemasi mkuu, mtu mpole mwenye haraka, alitazama saa.

"Maji yapo mengi," Mererid alisema. "Swali ni yanatoka wapi. Hii saruji ya nje ni ya lini? Nani aliipiga?"

Tukaanza kutazama zabibu za kiambaza.

"Mwenye lori, wewe mkazi wa siku nyingi," alinigeukia. Nilikuwa nimemwambia habari za maziwa tukiwa getini.

"Sijui," nikasema. "Imekuwepo tu." Wa kwanza kudanganya nilikuwa mimi, na wenzangu wakatingisha vichwa kuniunga mkono.

"Kama hatujui," shemasi mkuu alisema, "itabidi tuchukulie ni maji ya ardhini. Nasikitika sana."

Hefina alikuwa ameketi chini ya kiambaza, ufunguo mapajani. Akasimama.

"Mume wangu," alisema. "Emlyn Bebb, mwaka sitini na tisa. Jina lake liko kwenye kona. Wanakwambia hawajui kwa sababu wananipenda, na leo nawaomba wapunguze."

Mtu alicheka, halafu akajuta.

"Njoo nikuonyeshe kitu, mama," Hefina alimwambia Mererid. "Na wewe, Baba Shemasi, saa yako itangoja."

Akawatoa nje hadi kibarazani. Ilikuwa inanyesha, kama kawaida. Kibaraza kiko upande wa kusini magharibi, ambako mvua yetu inakuja na upepo nyuma yake. Hakuna sehemu ya kanisa inayopigwa zaidi. Hefina akachukua mkono wa shemasi mkuu, akaubandika kwenye ukuta wa ndani wa kibaraza, juu ya benchi la jiwe.

"Unasikia nini?"

"Pakavu," alisema.

"Ardhi ni ileile. Mawe ni yaleyale, waashi ni walewale. Mvua hapa ni mara mbili. Hiki sikukivika saruji, nimekipaka chokaa miaka arobaini na tisa. Maji hayapandi kutoka ardhini, Baba. Yanaingia kwenye nyufa za saruji na hayapati pa kutokea. Kanisa limevishwa koti la mpira, halafu mnashangaa linatoka jasho."

Mererid alikuwa ameshapiga magoti, anabonyeza ukucha kwenye chokaa. Halafu akasema, "Ni nani aliyekufundisha kutia mafuta?"

"Babu."

"Nimesoma miaka saba," Mererid alisema, "na nilikuwa naelekea kulifunga kanisa lenu."

"Si kosa lako. Uliuliza, ukadanganywa," Hefina alisema, akanitazama mimi. Nilitamani ile mvua initie ardhini.

Kanisa halikufungwa. Dayosisi ilitupa miaka mitano ya kujaribu, na majira ya joto yaliyofuata waashi wawili wakaja na patasi. Saruji ya Emlyn haikutoka kirahisi, alikuwa fundi. Upande wa kaskazini, bamba la kwanza lilipoanguka, maji yalitiririka kutoka ndani ya ukuta kama mtu kafungua bomba, na waashi wakaruka nyuma. Hefina alikuwa amesimama palepale na fimbo, anawaelekeza. "Hapo polepole, kuna mlango uliozibwa. Na kule ng'ambo, ukuta wa kusini, kuna kidirisha chembamba, upana wa kiganja." Walimtilia shaka mara moja tu. Mlango ulikuwapo. Kidirisha kilikuwapo, na ilipofika saa nne asubuhi kiliingiza mwanga hadi kwenye ule mguu mwekundu, jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka kati yetu, maana tulikuwa tumemweka mtakatifu gizani kwa nusu karne.

Kona ya kaskazini waliiacha mwisho. Mwashi mmoja alimwita pembeni, akamwambia wanaweza kukata kipande chenye E.B. 1969 kikiwa kizima, akakiweke nyumbani.

"Nikiweke wapi? Kwenye kabati la vikombe?" Akanyoosha mkono. "Nipe nyundo."

Alikuwa na miaka sabini na saba. Alipiga mara tatu bila kufanikiwa, na ya nne herufi E ikapasuka, ya tano ikaanguka. Akasimama, anahema, vumbi kwenye nyusi. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. "Mbishi," alisema, na sijui kama alikuwa anamwambia ukuta au mumewe. Kisha akaupiga tena mpaka mawe ya mtoni yakaonekana.

Ukuta wa namna ile hukauka inchi moja kwa mwaka, ukibahatika. Wetu una inchi thelathini na nne. Shemasi mkuu alipolisikia hilo alimtazama Hefina kwa huruma, naye akamwambia, "Nina haraka gani? Ibada ya mazishi yangu mnisomee ukuta ukishakauka." Mwaka uliofuata, wiki ya kabla ya Jumapili ya Maua, tulikuja kijiji kizima na brashi, hata Wamethodisti, kupaka kuta zote nne. Kanisa jeupe lilionekana tangu barabara ya juu, kama wazee wetu walivyoliona. Kuvu imekoma kwenye kiambaza. Mguu mwekundu umebaki na vidole vyake, vinne. Cha tano kilikwenda na miaka yetu ya adabu.

Lakini kulikuwa na lile jiwe. Watu walianza kunong'ona dukani. ALIIVIKA NYUMBA HII, na nyumba imeshavuliwa. Wengine walisema heri lichongwe upya, wengine wakasema ni kumtesa marehemu. Hakuna aliyethubutu kumwuliza Hefina, kwa hiyo, kama kawaida, nikatumwa na wasiwasi wangu.

"Maneno ya Emlyn hayaguswi," alinijibu. "Aliivika. Ni kweli aliivika. Mchongaji nimeshamwita, lakini si kwa ajili yake."

Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Maua mwaka huu nilikwenda makaburini na ndoo yangu, kwa mama. Hefina alikuwa ameshapaka mawe ya Emlyn, amepanga maua ya njano, na anaosha bamba jeusi kwa kitambaa. Ile nafasi tupu ya chini haikuwa tupu tena. Herufi zilikuwa mpya, bado zina unga mweupe wa patasi. Mwaka wa kuzaliwa upo. Wa kufa ameuacha wazi. Nikavaa miwani nikasoma:

PIA HEFINA MKEWE, ALIYEIVUA, IKAPUMUA.

Nilisoma mara mbili. Nikavua miwani, nikajifanya naifuta.

"Kuna kosa?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Basi nishikie ndoo. Kibaraza bado hatujakipaka, na mvua inakuja."